Kupima Mzigo wa Mazoezi ya Wanasoka kwa Vihisi Vinavyovaliwa
Kila mchezaji atumie kifaa kilekile cha GPS msimu mzima, kwa kuwa vifaa viwili vya aina moja vinaweza kutoa vipimo tofauti kwa mbio zilezile. Kiwashwe mahali pa wazi dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi ili kinase setilaiti, kisha kivaliwe katikati ya mabega ndani ya fulana inayobana, kwani fulana iliyolegea huongeza mitikisiko isiyotokana na juhudi ya mchezaji.

Umbali wote uliokimbiwa hupendwa sana, ingawa peke yake hueleza machache. Angalia zaidi umbali uliokimbiwa kwa kasi inayozidi kilomita 19.8 kwa saa, pamoja na mara ambazo mchezaji alipunguza mwendo ghafla, jambo linaloumiza misuli ya mapaja kuliko watu wanavyodhani.

Takriban nusu saa baada ya mazoezi, mwombe kila mmoja, faraghani, aupe ugumu wa mazoezi hayo alama kati ya 0 na 10, kisha uizidishe kwa dakika alizofanya: alama 6 kwa dakika 70 ni mzigo wa 420. Mlinganishe na rekodi zake mwenyewe, si za mwenzake. Mbio zikibaki zilezile huku mapigo ya moyo na alama vikipanda, muulize kuhusu usingizi na maumivu kabla ya kupanga mazoezi yanayofuata.