Jinsi ya kuifikisha hoja ya mtaa wako hadi Jiji la Tanga

Majirani wakishakuzoea kuwa ndiwe msemaji wao, iwe Ngamiani, Makorora au Chongoleani, hawaachi kukuuliza: "Hili la mtaro limefikia wapi?" Njia ya kulifikisha ipo, na ni haki yako. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Huhitaji cheo wala kadi ya chama.

Kwanza jua hoja yenyewe ni ya nani, maana hapa ndipo watu hupoteza miezi. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; maji ni Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa. Taka, masoko, zahanati na shule za msingi ni Jiji. Hata kama hoja si ya Jiji, anzia mtaani vilevile: ombi la mtaa mzima lina uzito kuliko la mtu mmoja.

Nenda kwa mtendaji wa mtaa. (Balozi wa nyumba kumi ni wa chama, atakusaidia kuwafahamu watu, lakini ofisi ya serikali si yake.) Andika barua ya ukurasa mmoja kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, yahusu ombi la kuingiza ajenda katika mkutano wa wananchi. Taja mahali, tatizo lilianza lini, nani wanaumia, mnaomba nini, kisha ambatanisha majina na saini za majirani. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Niliwahi kuiacha barua katika ofisi moja bila kubaki na nakala. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyeikumbuka, tukaanza upya.

Siku ya mkutano njoo na watu. Mama anayevuka maji yale na mtoto mgongoni aseme mwenyewe, usimsemee. Mkikubaliana, usiondoke kabla mtendaji hajawasomea azimio lilivyoandikwa kwenye muhtasari. Hili nalishikilia kuliko yote, kwa sababu kinachopanda ngazi ni muhtasari. Maneno yenu yanabaki palepale chini ya mwembe.

Kutoka hapo azimio linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, wengi wanaiita WDC. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata. Mwone diwani kabla ya kikao, na nakala yako mkononi. Kisha kamati za kudumu za halmashauri ya Jiji, halafu Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka. Mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, ingawa hachangii. Nenda, uandike nani kasema nini.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na bajeti hupangwa miezi mingi kabla, hivyo hoja ya Mei huenda ikasubiri mwaka mzima. Afadhali iwe imeshafika kwenye kata kabla Desemba haijaisha.

Ikipita, muulize mtendaji wa kata imetengewa shilingi ngapi. Ikikataliwa, mwandikie Mkurugenzi wa Jiji kuomba sababu kwa maandishi, na jibu lake lisomwe kwenye mkutano wa mtaa unaofuata.