Subaru ya turbo: namna ya kuijaribu kabla hujalipa

Hakuna gari Kenya linalosemwa kama Subaru. Mmoja atakwambia hakuna linaloshika barabara kama hilo, mwingine atalalamika jinsi linavyokunywa petroli, na fundi wa mtaa atakuapia kwamba injini zake hufa zikiwa changa. Kila neno hapo lina ukweli ndani yake, ila si kwa kila Subaru. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza pia; gari unaloonyeshwa leo halina difu zile wala shoku zile, na huenda limeshapitia mikono mitatu au minne. Kwa hiyo jaribu kila sifa peke yake na usikubali moja iisemee nyingine. Sauti hasa. Ndiyo inayouza magari haya, na ndiyo shahidi mwongo kuliko wote.

Maelezo haya ni ya Impreza WRX na STI, Forester ya turbo (pampu inayoendeshwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) na Legacy GT zenye injini ya EJ20 (lita 2.0) au EJ25 (lita 2.5), za hadi karibu 2012. Forester XT ya umbo la 2012 kuendelea ina injini ya FA20 inayotumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, pamoja na giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja), na mengi ya hapa hayaihusu. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hizi za zamani unazoziona sokoni zilishaingia kitambo, na karatasi ya mnada wa Japani ambayo muuzaji anaitoa mfukoni haikuambii lolote kuhusu miaka iliyofuata.

Tenga saa moja na nusu. Beba tochi, tishu nyeupe, utepe wa kupimia wa fundi cherehani, kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya injini) cha kuunganisha na simu, na mtu wa pili mwenye masikio mazuri.

Gari likiwa baridi

Mpigie muuzaji mapema umwambie asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka mkono juu ya bonet karibu na kioo cha mbele, pale ilipo turbo. Kukiwa na joto, kuna kitu hakutaka ukisikie. Rudi siku nyingine.

Vuta kijiti cha oili. Gari liwe kwenye sakafu iliyo sawa, na liwe limezimwa angalau dakika kumi. Kwenye injini hizi oili hupaka kijiti upande mmoja juu kuliko mwingine, kwa hiyo futa, chovya tena, na uamini upande ulio chini. Kutoka alama ya L (chini) hadi F (juu) ni kama lita moja. Usipuuze kipimo hiki: beringi za konrodi za EJ hazivumilii kukosa oili, hasa gari likikata kona kwa nguvu, na injini nyingi zinazosemwa kwamba "zimenoki tu zenyewe" ziliendeshwa kwa miezi oili ikiwa chini ya L. Ukiikuta chini ya alama hiyo, hujui imekaa hivyo kwa muda gani, na muuzaji kuongeza lita moja mbele yako hakurekebishi kitu.

Sasa liwashe, mwenzako akiwa amesimama karibu na gurudumu la mbele. Mlio mwepesi wa tak-tak unaoisha ndani ya dakika chache ni pistoni zinazogonga ukuta wa silinda kabla hazijapanuka. Ni kawaida kwa EJ na wengi wameishi nao miaka mingi. Mlio wa ss-ss-ss unaofuata mwendo wa injini na kupungua kadiri chuma kinavyopata joto ni ufa au gasketi inayovuja kwenye ekzosi, kabla ya turbo. Huo unatengenezeka. Wa kuogopa ni mlio mzito unaotoka chini na kubaki hata injini ikipata moto. Usikilize hivi: injini ikiwa moto, ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha achia mguu taratibu. Beringi iliyokwisha hugonga wakati huo wa kuachia, kama mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole. Ukiusikia, rudisha ufunguo. Hakuna bei inayofaa.

Ile sauti

Mngurumo wa Subaru hautokani na nguvu. Unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka upande wa kushoto na wa kulia wa injini, hivyo mapigo ya moshi hukutana yakiwa yamepishana. Ndiyo maana hata Impreza isiyo na turbo ikikatwa mufla hunguruma vizuri tu, na ndiyo maana Legacy GT ya Japani ya kuanzia 2003 na STI zenye turbo ya njia mbili (twin-scroll) zilitoka kiwandani zikiwa kimya: mabomba yake yanalingana, na turbo inaamka mapema zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo Legacy GT ya 2004 inayonguruma imebadilishwa mabomba. Uliza kama kompyuta ya injini iliprogramiwa upya baada ya kazi hiyo, na nani aliifanya. Ekzosi iliyofunguliwa bila kuprogramiwa huacha turbo ikisukuma hewa kupita kipimo, na kompyuta hujilinda kwa kukata petroli ghafla. Ukiwa ndani utahisi kama gari limegonga ukuta wa sponji. Vivyo hivyo ule mlio wa "pshhh" kila akibadilisha gia. Kwenye magari yenye kihisi cha kupima hewa inayoingia, hewa ile ilishahesabiwa, na ikimwagwa nje petroli iliyowekwa kwa ajili yake inabaki bila mwenzake. Moshi mweusi, plagi nyeusi, petroli bure.

Nguvu

Hapa wengi huvunjika moyo katika dakika tano za kwanza, kwa sababu wanajaribu kwenye foleni ya Ngong Road. Chini ya mizunguko 2,500 EJ20 ya turbo ni injini ya kawaida ya lita mbili inayobeba gari zito la magurudumu manne. Probox itakuacha kwenye taa na dereva wake hatajua mlikuwa mnashindana. Nguvu yake ya kuvuta hufika kileleni karibu na mizunguko 3,600 kwa WRX, na juu ya 4,000 kwa STI.

Jaribio lenyewe: nenda barabara kubwa iliyo wazi, kama Southern Bypass asubuhi ya Jumapili, injini ikiwa imepata moto kwa angalau dakika kumi na tano. Gia ya tatu, mizunguko 2,000, karibu kilomita 40 kwa saa. Kanyaga hadi chini na usiachie hadi 5,000. Kwa gia za WRX ya manyuali hapo utakuwa karibu na 100 au zaidi kidogo. Kwa otomatiki funga gia isipande. Unachotaka ni msukumo unaoanza mdogo, unaokua kuanzia 3,000, na usiokatika. Ukisikia mvumo wa hewa na gari halisogei ipasavyo, mpira au klempu ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) inavuja. Likikohoa na kusitasita kati ya 3,500 na 4,500, anza na plagi na koili. Moshi wa bluu ukitoka baada ya kuachia mguu kisha kukanyaga tena, oili inapita kwenye turbo au ringi.

Mahali pia pana neno. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Forester ya lita mbili isiyo na turbo, iliyotangazwa na nguvu farasi karibu 140, huku juu inakupa kama 115, na ndiyo maana wengi wanaonunua jina bila turbo hubaki wakijiuliza sifa ilitoka wapi. Turbo hufidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Kwa hiyo WRX inaonekana kali zaidi Nairobi ikilinganishwa na magari mengine kuliko pwani, ila huchelewa kidogo kuamka, na turbo yenyewe inafanya kazi ya ziada.

Halafu petroli. Injini hizi za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani karibu 100, na ya pampu zetu iko chini ya hapo. Injini ikisikia mlipuko usio wa wakati wake, kompyuta hurudisha cheche nyuma na nguvu hupungua. Kwa kifaa cha OBD na programu inayosoma data za Subaru, tafuta thamani iitwayo IAM au DAM, inayoonyesha kompyuta inaruhusu cheche ziwahi kwa kiasi gani. Inatakiwa isome 1.0, au 16 kwenye kompyuta za zamani. Ikiwa chini baada ya mwendo mrefu, injini imekuwa ikijitetea, na kwa EJ25 ya turbo hiyo ni hatari hasa, maana kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika kwa milipuko hiyo. Angalia pia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa vyote havijakamilika, huenda mtu alifuta makosa au alichomoa betri hivi karibuni.

Kushika barabara

Sifa hii ni ya kweli kuliko zote, na ndiyo inayofichwa vizuri zaidi ikiharibika. Baada ya kuendesha dakika ishirini, ingia uwanja wa lami, kata usukani hadi mwisho, na uzunguke polepole bila kukanyaga petroli, kulia kisha kushoto. Gari liteleze kama mkokoteni uliopakwa grisi. Likiruka-ruka, likivuta kama breki imeshika, au matairi yakilia, mfumo wa katikati unaogawa nguvu mbele na nyuma umebana: difu ya vizikasi (yenye kimiminika kizito) kwa manyuali nyingi, sahani za klachi kwa otomatiki.

Chanzo cha kawaida ni matairi. Zungusha utepe kwenye kila tairi katikati ya kashata. Tofauti ya mzunguko kati ya tairi kubwa na dogo isizidi milimita 6. Aliyenunua matairi mawili mapya na kuacha mawili yaliyokwisha ameufanya mfumo wa katikati usuguane kila kilomita. Kwenye baadhi ya otomatiki za gia nne kuna ujanja wa kujua: chini ya bonet kuna kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD (magurudumu ya mbele pekee). Ukichomeka fyuzi humo na mvutano ukaisha, sahani bado zinaachia, na mara nyingi kubadilisha oili ya giaboksi na kulinganisha matairi kunatosha. Usipoisha, ni solenoidi au sahani zenyewe, na giaboksi inafunguliwa. Ujanja huo huo hutumiwa kukuficha: taa ya FWD ikiwaka kwenye dashibodi, unajaribu gari la magurudumu mawili.

Usitegemee kwamba litageuka kama umbo lake linavyoahidi. Injini iko chini lakini imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo ukiingia mzunguko kwa kasi mno, pua husukumwa nje. Magurudumu manne yanakusaidia kutoka kwenye kona, hasa kwenye murram na mvua. Kusimama hayasaidii hata kidogo.

Kati ya kilomita 60 na 80, sikiliza mvumo kama wa ndege iliyo mbali. Pindisha kidogo kushoto na kulia; ukibadilika, ni beringi ya gurudumu, na kwenye Forester za zamani ni ya nyuma mara nyingi. Kwa manyuali ya gia tano ingia ya pili na ya tatu haraka kidogo: kukwaruza au mlio wa kuimba humaanisha mtu alizoea kuachia klachi kwa nguvu kwenye taa. Ya gia sita ya STI ni imara zaidi.

Joto, na mkanda

Kama muuzaji anakubali, panda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Sindano ya joto isipande juu ya pale inapokaa siku zote, chini kidogo ya nusu. Ukisimama juu, acha injini ikizunguka na uangalie tangi dogo la kulanti (maji ya kupoza injini): mapovu yanayoendelea kutoka ni gesi ya silinda inayopita gasketi. Malalamiko ya gasketi hutoka hasa kwa EJ25 isiyo na turbo, inayovuja nje kwenye kona za chini. EJ20 ya turbo huumwa hivyo mara chache.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na puli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji. Ukikatika, pistoni hukutana na vali. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na uitoe gharama hiyo kwenye bei.

Ukikubaliana naye, mlipie fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya kuandikishana. Usibishane na tarakimu kamili, kwa sababu Nairobi zote zitasoma chini ya kitabu. Angalia tofauti kati yao, isizidi asilimia 10. Subiri dakika kumi gari likiwa limezimwa, uvute tena kile kijiti, na uilinganishe oili na ile ya kipimo cha kwanza.