Kuchaji Gari la Umeme Katika Kituo cha Umma

Kabla ya safari, hakikisha kwamba plagi ya kituo unachokiendea inaoana na tundu la gari lako, kwa kuwa CCS na CHAdeMO, aina mbili za plagi za kuchaji kwa kasi, haziingiliani, na uweke mapema programu ya malipo kwenye simu. Ukifika, chomeka kebo hadi ikaze, idhinisha malipo, kisha subiri skrini ionyeshe kwamba umeme umeanza kuingia; wapo wanaoondoka kabla ya hapo, wakarudi na kuikuta betri vilevile. Kwenye chaja ya kasi, mpishe mwenzako betri ifikapo takriban asilimia 80, kwa sababu kuanzia hapo gari lenyewe hupunguza kasi ya kupokea umeme ili kuilinda betri. Kebo ikigoma kuchomoka, usiivute kwa nguvu: simamisha uchaji, kisha fungua kufuli za milango.