Dawa za demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo: zipi husaidia, zipi hudhuru

Hakuna dawa inayoponya ugonjwa huu, unaoharibu ubongo na kubadili tabia, wala kuupunguzia kasi. Zilizopo hutuliza tabia tu. Daktari mara nyingi huanza na sertralini, dawa ya sonona (huzuni kali), miligramu 25 hadi 50 kwa siku, akipandisha polepole. Huweza kupunguza pupa, ulafi na kurudiarudia mambo, lakini ipeni wiki 4 hadi 6 kabla ya kusema imeshindwa. Mahangaiko ya usiku hutibiwa kwa trazodoni. Hiyo huleta kizunguzungu, na mgonjwa huanguka akiamka kwenda msalani, kwa hiyo mshikeni mkono.

Mkiandikiwa donepezili, dawa ya Alzheimer, ulizeni sababu: huweza kuzidisha fujo. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, iogopeni zaidi. Hukakamaza mwili, na kundi lake la dawa huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia. Msikatize dawa yoyote ghafla.