Namna ya Kuufuatilia Mdahalo wa Mchujo Ambao Kinara Hakufika

Mdahalo wa watia nia wa chama kimoja huandaliwa ili wapiga kura wapate kuwalinganisha wote wanaoitaka tiketi ya chama. Kinara, yaani anayeongoza katika tafiti za maoni, anapoamua kutofika, mlinganisho huo hupoteza kipimo chake, na mtazamaji asiyejiandaa huishia kuhesabu nani alimkatiza nani. Hata hivyo, mdahalo wa namna hiyo bado una mengi ya kumwambia anayejua pa kutazama. Nitatumia midahalo ya chama cha Republican cha Marekani ya mwaka 2023, ambayo Donald Trump hakuhudhuria hata mmoja, kwa sababu ndiyo mfano ulio kamili kuliko yote ninayoifahamu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Mchujo ninaouzungumzia ni kile ambacho Tanzania tunakiita kura za maoni ndani ya chama, isipokuwa kwamba Marekani kura hizo hupigwa jimbo baada ya jimbo, na wapigaji ni wananchi wa kawaida, si wajumbe wa mkutano peke yao. Utafiti wa maoni, unaotabiri nani anapendwa zaidi, ni jambo jingine.

Anza na masharti ya kuingia, kabla hata ya kujua maswali yatakuwa yapi. Kwa mdahalo wa kwanza, uliofanyika Milwaukee tarehe 23 Agosti 2023, chama kilimtaka kila mtia nia awe na wachangiaji 40,000, afikishe angalau asilimia 1 katika tafiti zilizokubaliwa, na atie saini ahadi ya kumuunga mkono atakayeteuliwa, awaye yote. Masharti haya hueleza mambo ambayo jukwaani hayasemwi. Doug Burgum, wakati huo gavana wa North Dakota ambaye wengi hawakumjua, aliwapa watu kadi za zawadi za dola 20 ili kila mmoja amchangie dola 1, akaipata idadi na akaipata nafasi. Trump alizitimiza hesabu zote kwa urahisi lakini alikataa kutia saini ahadi. Kwa hiyo ukisikia kwamba kinara “amekimbia mdahalo”, jiulize kama ameukimbia au ameona kwamba hana cha kupata humo.

Jibu la swali hilo liko katika pengo la tafiti, na hii ndiyo hatua ambayo watazamaji wengi huiruka. Siku chache kabla ya Milwaukee, utafiti wa kituo cha televisheni cha CBS ulimpa Trump asilimia 62 na Ron DeSantis, wakati huo gavana wa Florida, aliyemfuata asilimia 16. Mtu mwenye pengo kama hilo akipanda jukwaani pamoja na wengine wanane, anawapa nafasi ya kumrushia mawe bila yeye kuongeza kura. Liandike pengo hilo juu ya ukurasa, kwa sababu utalihitaji baadaye.

Sasa chukua daftari na upige mistari ya safu tatu: aliyesema, aliyemlenga, na alivyomgusa asiyekuwepo. Mdahalo ulianza saa 3 usiku kwa saa za Washington, ambayo Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa saa 10 alfajiri ya siku iliyofuata, na saa kama hiyo kumbukumbu ya kichwani haiaminiki. Usijisumbue kuandika sera zote, kwa maana zinapatikana katika hotuba zao. Safu ya tatu ndiyo yenye mavuno.

Mfano wake ni huu. Saa moja hivi baada ya kuanza, mwongozaji Bret Baier alisema kwamba wangezungumza kidogo kuhusu tembo asiyekuwemo chumbani, yaani Trump, ambaye kila mtu alikuwa anamfikiria ingawa hakuwepo, kisha akawauliza wote wanane: Trump akitiwa hatiani mahakamani na akawa bado ndiye chaguo la chama, nani ataendelea kumuunga mkono? Mkono wa Vivek Ramaswamy ulipanda upesi. DeSantis alitazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akanyanyua wake. Nikki Haley (aliyewahi kuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa), Tim Scott, Burgum na Mike Pence (aliyekuwa makamu wa rais wa Trump) nao walinyanyua. Asa Hutchinson hakunyanyua. Chris Christie alionyesha kidole kwa namna iliyowachanganya watazamaji, kisha akafafanua kwamba alikuwa anakataa, na ukumbi ukamzomea. Tukio zima halikumaliza hata dakika chache, lakini kwa maoni yangu linazidi uzito wa saa nzima ya mabishano kuhusu bajeti, na namna DeSantis alivyogeuza shingo ni jambo ambalo maandishi ya mdahalo hayawezi kukuonyesha. Andika majina yote sita ya walionyanyua.

Safu ya pili nayo ina siri yake. Wapangaji huwaweka katikati wanaoongoza katika tafiti, kwa hiyo kinara asipokuwepo, wa pili husogea kwenye kiti cha moto, na ungetarajia mishale yote imwelekee yeye. Milwaukee haikuwa hivyo. DeSantis aliachwa kwa kiasi kikubwa, na aliyeshambuliwa zaidi alikuwa Ramaswamy, mfanyabiashara aliyekuwa amemsifu Trump kuwa rais bora wa karne ya 21. Mtia nia anayemsifu mpinzani asiyekuwepo hatafuti kumshinda; anajiweka tayari kuwarithi wafuasi wake. Usiku wa tarehe 15 Januari 2024, baada ya kushindwa Iowa, jimbo lililotangulia kupiga kura, Ramaswamy alijitoa na kumuunga mkono Trump papo hapo.

Wakenya watakumbuka sura nyingine ya jambo hili: Julai 2017 Raila Odinga alibaki peke yake jukwaani kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakufika, na Julai 2022 ikawa zamu ya William Ruto kubaki peke yake kwa kuwa Raila hakufika. Hiyo ilikuwa midahalo ya urais, na aliyebaki aliweza kuhojiwa kwa kina. Katika mchujo wa watu wanane hakuna kina cha namna hiyo, kwa sababu muda unagawanywa vipande vipande.

Wakati mdahalo unaendelea, fuatilia pia kinara yuko wapi, kwa kuwa kutokuwepo kwake nako ni kampeni. Usiku wa Milwaukee mahojiano ya Trump na mtangazaji Tucker Carlson yaliwekwa kwenye mtandao wa X. Mdahalo wa pili ulipofanyika California tarehe 27 Septemba, yeye alikuwa Michigan akihutubia katika kiwanda cha vipuri vya magari; wa tatu ulipofanyika Miami mwezi Novemba, yeye alifanya mkutano wa hadhara Hialeah, jirani kabisa. Jihadhari na takwimu za kushindanisha matukio haya. Mdahalo wa Milwaukee ulitazamwa na watu wapatao milioni 12.8 kwenye televisheni, na hiyo ni idadi ya wastani ya waliokuwa wakitazama. Hesabu ya mitandao huweza kumhesabu hata aliyepitisha kidole juu ya chapisho bila kulifungua. Mlinganisho wa haki ni ule wa mdahalo wa kwanza wa Republican wa mwaka 2015, Trump akiwepo, uliotazamwa na watu milioni 24.

Baada ya mdahalo, zima televisheni kabla wachambuzi hawajatangaza mshindi, kisha urudi kwenye lile pengo uliloliandika. Ronald Reagan, aliyekuwa kinara wa Republican, aliususa mdahalo wa Iowa mwezi Januari 1980, na wiki chache baadaye George Bush (baba) akamshinda jimboni humo. Reagan akajirekebisha, akafika kwenye mdahalo wa Nashua, New Hampshire, na akashinda jimbo hilo. Trump aliususa mdahalo wa Des Moines tarehe 28 Januari 2016, naye akashindwa Iowa na seneta Ted Cruz siku nne baadaye. Pengo lake wakati huo lilikuwa dogo. Mwaka 2024 alipata asilimia 51 Iowa bila kukanyaga jukwaa la mdahalo hata mmoja.

Mdahalo usio na kinara, basi, ni shindano la nafasi ya pili, na ndivyo unavyopaswa kuupima. Haley ndiye aliyefaidika nao zaidi: alibaki mpinzani wa mwisho, akashinda Washington D.C. na Vermont, akajitoa tarehe 6 Machi 2024.

Daftari usilitupe hadi mkutano mkuu wa chama. Julai 2024 Trump alipokea tiketi mjini Milwaukee, katika ukumbi wa Fiserv Forum, ule ule alioususa miezi kumi na moja kabla. Katika wale sita walionyanyua mikono humo, watano walipanda jukwaani kumpigia debe. Aliyekosekana ni Pence.