Kondoo Anapozaa: Kumsaidia Mama na Kumwokoa Mtoto

Kondoo hubeba mimba takriban siku 147. Miteremko ya Meru, upande wa Arusha, huwa na baridi kali Juni na Julai, kwa hiyo tayarisha mapema kona kavu ya zizi, isiyopigwa na upepo, yenye majani makavu ya kutosha.

Mtoto aliyekaa vizuri hutanguliza kwato mbili za mbele, pua ikiwa juu yake. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila maendeleo, nawa kwa sabuni, vaa glavu, paka kilainishi, kisha papasa taratibu. Mguu mmoja ukiwa umekunjika nyuma, subiri uchungu utulie, mrudishe mtoto ndani kidogo, funika ukwato kwa kiganja usichane mfuko wa uzazi, ndipo uunyooshe. Vuta pale tu mama anaposukuma. Usipotambua ulichoshika, ita daktari wa mifugo. Kubahatisha huweza kuua wote wawili.

Akitoka, futa ute puani na mdomoni, mwache mama amlambe. Chovya kitovu chote kwenye iodini ya asilimia 7, maana vijidudu hupitia hapo hadi kwenye viungo vya miguu.

Kubwa kuliko yote ni dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Kamua kwanza matone machache kila chuchu, uzibue. Mtoto wa kilo 3 anahitaji mililita 150 ndani ya saa mbili, na takriban 600 kwa siku nzima. Mdomo ukiwa wa baridi na kichwa kimelegea, usimnyweshe: maziwa yataingia mapafuni. Mkaushe, mpashe joto kwanza.

Kondo la nyuma lisipotoka ndani ya saa 12, usilivute. Mwite daktari.