Mtoto njiti na ugonjwa wa kuoza utumbo: mambo ya kuzingatia kabla

Uzazi ukitishia kuja kabla ya wiki 32 za mimba, panga safari kwanza, vifaa baadaye. Kutoka kisiwa cha Lamu ni boti hadi Mokowe, kisha barabara ndefu ya Malindi na Mombasa, na mtoto husafiri salama zaidi akiwa bado tumboni. Ulizia hospitali yenye chumba cha watoto wachanga, eksrei na daktari wa kupasua watoto. Uliza pia sindano za dexamethasone, miligramu 6 kila saa 12, mara nne, kwa mimba ya chini ya wiki 34. Wengi wanajua zinakomaza mapafu. Hupunguza na hatari ya ugonjwa huu, ambao madaktari huuita NEC.

Ukuta wa utumbo mchanga huvimba, bakteria wakapenya, nyama ikafa, pengine ikatoboka. Mara nyingi huja wiki ya pili au ya tatu, mtoto ameshazoea maziwa na jamaa wameanza kutulia.

Kinga kubwa ni maziwa ya mama. Ya kopo huongeza hatari. Kamua ndani ya saa ya kwanza ukiweza, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, hata matone mawili yapelekwe kwa mtoto. Andaa vikombe vyenye vifuniko vilivyochemshwa, uandike tarehe na saa. Kwa joto la pwani usiyaache mezani: yaingie kwenye friji mara moja. Barafu ya wavuvi hufaa njiani, ila iwe nje ya chombo kilichofungwa sawasawa, maana maji yake si safi.

Bibi na mashangazi waambiwe mapema, kwa adabu: tende, asali, maji ya dawa ya tumbo, vyote visimguse mtoto bila ruhusa ya daktari. Ni rahisi kulisema hili kabla ya uzazi kuliko mbele ya kitanda.

Mwiteni muuguzi papo hapo tumbo likijaa na kung'aa, akitapika kijani, choo kikiwa na damu, akisahau kupumua au mwili ukipoa. Maziwa husimamishwa, mrija hupitishwa puani kutoa hewa tumboni, na antibayotiki hutiwa mshipani, kwa kawaida siku 7 hadi 14. Utumbo ukitoboka ni upasuaji, kwa hiyo tafuteni mapema jamaa wa kutoa damu.

Siku hizo mtoto hapewi maziwa, mama aendelee kukamua na kuyagandisha kwenye friza. Akiacha, maziwa hukauka, na mtoto akiruhusiwa tena huanzishiwa mililita chache tu za maziwa hayohayo.